NYUMBA NA JAMAA: Chumba cha mbele kuwa baraza la santuri

Askari anapokaribia kustaafu huanza kuhesabu mambo mawili: kiinua mgongo atakachopata, na vitu alivyoahirisha kuvinunua tangu siku aliyokula kiapo. Wengi huwaza ng'ombe wa maziwa au mashine ya kusaga. Lakini wako pia, na si haba, ambao kwa miaka yote ya kuhamishwa kutoka kambi hadi kambi wamekuwa wakibeba katoni moja ya sahani za santuri chini ya kitanda, wakingoja siku watakapokuwa na chumba chenye mlango wao wenyewe. Hao ndio wanaohusika na safu ya juma hili, pamoja na wake zao, kwa kuwa chumba kinachotakiwa ndicho hicho hicho ambamo mama wa nyumbani hupokea wageni, watoto hufanyia kazi za shule, na nguo hukunjwa jioni.

Na achukuliwe sajenti mmoja kuwa mfano. Msomaji asijisumbue kumtafuta katika orodha ya kikosi chochote, maana ametungwa kutokana na wengi. Huenda alianza utumishi katika vile vijumba vya bati ambavyo polisi wa Uganda walivipa jina la utani la "mama ingia pole", na sasa amejenga nyumba ya matofali yenye sebule ya mita nne kwa tano. "Baba watoto," mkewe amemwuliza, "hiyo sebule itakuwa ya nani?" Swali hilo ni la haki, na lisipojibiwa kabla ya kununuliwa chombo cha kwanza, litajibiwa baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

Waliotangulia sana katika jambo hili ni Wajapani. Kwao, tangu miaka ya 1920, imekuwako mikahawa ambamo mteja hununua kikombe kimoja cha kahawa, akaketi, akasikiliza santuri. Mkahawa wa Lion katika mtaa wa Shibuya, mjini Tokyo, ulifunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya muziki wa kale wa Ulaya. Ule wa Chigusa mjini Yokohama ulifunguliwa mwaka 1933 kwa ajili ya jazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mikahawa ya namna hiyo iliongezeka sana, na kilichoisukuma hakikuwa anasa. Santuri kutoka ng'ambo ilikuwa ghali mno kwa mshahara wa kijana, na nyumba zenyewe zilikuwa ndogo na zenye kuta nyembamba, jirani akikohoa anasikika. Basi mtu mmoja alinunua mitambo mizuri na sahani nyingi, na mtaa mzima ukasikiliza kwa bei ya kahawa. Katika baadhi ya mikahawa hiyo kuzungumza kulikatazwa. (Waliozoea baraza za kwetu, ambako muziki na mazungumzo ni ndugu, wataiona amri hiyo kuwa kali kuliko ya gwaride.)

Mwandishi mashuhuri Haruki Murakami, kabla hajajulikana kwa vitabu, alifungua pamoja na mkewe chumba cha namna hiyo mwaka 1974 huko Kokubunji, magharibi ya Tokyo. Waliendesha biashara hiyo wao wawili mpaka mwaka 1981. Mwingine unaotajwa hata nje ya Japani ni Basie, katika mji mdogo wa Ichinoseki, uliofunguliwa mwaka 1970 na kujipatia sifa kwa spika zake kubwa za JBL. Anayezitazama picha za vyumba hivyo huona jambo moja kila mara: viti vyote vinazielekea spika, kama askari wanaomwelekea afisa anayesoma amri. Hakuna kabati la vyombo katikati, wala meza ndefu inayozuia njia ya sauti. Sajenti wetu hana haja ya kuiga ukimya wa Wajapani. Mpangilio huo wa viti ndio wa kuigwa, nao haugharimu hata senti moja.

Sasa kuhusu vyombo. Mitambo ya miaka ya 1960 na 1970 inapendwa kwa sababu ilijengwa ili ifunguliwe na itengenezwe. Garrard 301 ya Uingereza ilianza kuuzwa mwaka 1954, Thorens TD 124 ya Uswisi mwaka 1957, Technics SL-1200 ya Japani mwaka 1972, na zipo za aina zote tatu ambazo zinazunguka hadi leo. Hata hivyo mnunuzi wa kwetu asikimbilie majina. Aanze kwa kutazama nyuma ya chombo, palipoandikwa volti na hezi.

Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na hezi 50. Wa Japani ni volti 100, na wa Marekani volti 120 na hezi 60. Amplifaya ya volti 100 ikichomekwa ukutani moja kwa moja huungua, pengine kabla mwenyewe hajaketi. Itahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo wa wati uliozidi ule ulioandikwa nyuma ya chombo. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni habari ya hezi. Santuri nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme; iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikiwekwa kwenye hezi 50, huzunguka kwa sehemu tano katika sita za mwendo wake, hata kama volti zimerekebishwa vizuri. Sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika itazunguka kama mara 27.8 tu, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume aliyeamshwa zamu ya saa nane usiku. Transfoma haitibu ugonjwa huo. Dawa yake ni kubadili gurudumu dogo lililo juu ya mota, ikiwa linapatikana, au kuchagua santuri ambayo mota yake haitegemei hezi. Hata ndani ya Japani penyewe nchi imegawanyika: Tokyo hutumia hezi 50 na Osaka hezi 60, kwa hiyo kusema tu kwamba chombo "kimetoka Japani" hakutoshi.

Baada ya umeme, mpira. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani hulegea kwa miaka, na wakati mwingine hugeuka kuwa kama lami. Huo ni rahisi kubadilishwa. Spika nazo zina duara laini linaloshika karatasi yake pembeni. Likiwa la sponji, kwa kawaida huoza baada ya miaka kumi na mitano au ishirini, hata kama spika haikupigwa kabisa. Mnunuzi aondoe kitambaa cha mbele na aliguse duara hilo polepole kwa kidole. Likimeguka, asikatae mara moja, kwa maana fundi hodari huweza kubandika jipya, lakini bei ishuke. Muuzaji anayekataa kitambaa kisiondolewe, heri aachwe na mali yake.

Hapa panahitaji onyo la kweli. Ndani ya amplifaya za valvu, zile zenye taa ndogo za kioo zinazong'aa, mna volti mia tatu, mia nne, hata zaidi. Na kapasita zake huweza kuhifadhi nguvu hiyo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mtoto mwenye bisibisi, au baba mwenye bisibisi, huweza kufa sebuleni huku swichi imezimwa. Kifuniko kifunguliwe na fundi redio aliyefunzwa, na kama yuko jamaa aliyetumikia kikosi cha mawasiliano, huyo ndiye wa kuombwa. Chombo kilicholala miaka mingi stoo kisiwashwe kwa pupa. Kapasita za zamani zilizokauka huweza kupasuka na kuharibu transfoma ya ndani, ambayo kuipata nyingine ni shida. Vilevile fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa waya wa shaba. Nyumba zimeteketea kwa ujanja huo.

Mengine ni madogo ila yanawaudhi watu bure. Kichwa cha santuri hutoa umeme hafifu mno, kama sehemu tano za elfu za volti, na hauwezi kuingizwa katika tundu lolote la amplifaya: lazima liwe tundu la santuri lenyewe, lililoandikwa PHONO. Amplifaya nyingi za miaka ya karibuni hazina tundu hilo, na mnunuzi hurudi nyumbani akidhani ameuziwa santuri bubu, kumbe kinachotakiwa ni kisanduku kidogo cha kuongeza nguvu katikati. Mlio wa "nguuu" usiokoma aghalabu hutokana na ule waya mwembamba wa ardhi wa santuri kutofungwa kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya. Na besi ikipotea, zitazamwe nyaya za spika: nyekundu iende kwa nyekundu pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, moja husukuma hewa huku nyingine ikivuta, kama kikosi ambacho nusu yake imeanza na mguu wa kulia.

Kuhusu wati, sajenti asidanganywe na maandishi makubwa. Kuongeza wati maradufu huzidisha sauti kwa desibeli tatu tu, kiasi ambacho sikio hukitambua bila kustaajabu. Katika chumba cha mita nne kwa tano, wati kumi au kumi na tano zenye spika nyepesi za kusukumwa zinatosha familia na wageni.

Chumba chenyewe ndicho chombo kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa. Sebule zetu zina sakafu ya saruji, kuta za plasta, madirisha ya vioo na mabati juu. Mtu akipiga kofi moja katikati ya chumba kitupu cha namna hiyo atalisikia likirudi mara nyingi; muziki nao hurudi hivyo hivyo, maneno yakachafuka. Mkeka wa mafunjo sakafuni, zulia juu yake, pazia zito lenye mikunjo, makochi yenye vitambaa badala ya ngozi ya plastiki, rafu yenye vitabu: hivyo hunyonya mwangwi, na vyote ni vitu ambavyo mama wa nyumbani alikwisha kuvitaka tangu mwanzo. Hapo ndipo mume na mke hupatana kwa urahisi wasioutarajia. Baadhi ya watu hutundika mbugu ukutani, ile nguo ya gome la mutuba ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Ni pambo lenye heshima, lakini kwa kuwa ni nyembamba hunyonya sauti za juu sana tu, isipokuwa ikitundikwa mbali kidogo na ukuta. Treya za mayai, ambazo vijana hupenda kuzibandika, hazimzuii jirani kusikia hata kidogo na huongeza hatari ya moto.

Spika mbili na kiti cha msikilizaji vifanye pembe tatu zenye umbali ulio sawa, mita mbili au mbili na nusu. Zile spika ndogo za sauti ya juu ziwe kimo cha masikio ya aliyeketi, yaani zisiwekwe sakafuni wala juu ya kabati. Spika ikisukumwa pembeni kabisa, kwenye kona, besi huvimba mpaka gitaa likazama. Ikivutwa nusu mita kutoka ukutani gitaa hurudi. Santuri isiwekwe juu ya meza moja na spika, la sivyo mtikisiko hurudi kwenye sindano na kuanzisha mngurumo. Kuhusu mvua juu ya mabati hakuna dawa ya bei nafuu. Mvua ikinyesha, sahani iondolewe na chai ipikwe.

Sasa limefika jambo lililo zito kuliko vyombo. Sajenti wa mfano amekwisha kupanga kila kitu, amewasha, ameketi, na hakuridhika. Amesema spika hazina sauti ya juu. Matoazi hayasikiki, na maneno ya mwimbaji yamefunikwa. Amenunua sindano mpya. Amenunua spika ndogo za sauti ya juu, akaziongeza. Amezungusha kitufe mpaka watoto wakatoka nje. Jioni ya nne mkewe amekaa karibu naye akasema, "Baba watoto, spika ni nzima. Sisi sote tunayasikia hayo matoazi. Hata mtoto akikuita kutoka jikoni siku hizi huitiki."

Mama huyo amesema kweli. Mlio wa bunduki karibu na sikio la mpigaji hupita desibeli 140, na mlio wa ukali huo huweza kujeruhi sikio hata kwa risasi moja. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo zinazopokea sauti. Zikifa, hazioti tena. Madhara ya kelele huanza kwa kawaida karibu na hezi 4,000, mahali palipo jirani na noti ya mwisho ya juu ya piano, nako ndiko kwenye ukali wa matoazi na herufi kama "s" na "f". Kwa hiyo askari aliyelenga shabaha kwa miaka ishirini bila vizibo vya masikio husikia ngoma na besi vizuri sana, akaamini kwamba masikio yake ni mazima, huku sauti za wanawake na watoto zikimpotea kidogo kidogo. Wengine husikia mlio mwembamba usiku, kama wa nyenze, ambao haumo chumbani.

Mtu wa namna hiyo akiachiwa kitufe, huongeza sauti ili apate kile alichokipoteza, na kwa kuongeza hukipoteza zaidi. Wataalamu wa afya ya kazini wameweka kipimo hiki: desibeli 85 huvumilika kwa saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka tatu muda hupungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Kwenye 100 ni robo saa tu. Kwa makisio ya nyumbani, ikiwa watu wawili walioachana kwa urefu wa mkono hawana budi kupaza sauti ili wasikilizane, kipimo cha 85 kimekwisha kufikiwa au kupitwa. Simu nyingi za mkononi siku hizi zina programu ya kupima desibeli. Hazina usahihi wa hospitali lakini hutoa onyo la kutosha.

Sajenti alikwenda kupimwa, ingawa alichelewa miezi miwili kwa aibu. Kipimo chenyewe hakiumi: mtu huvaa vipokea sauti, akabonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Wenye upungufu huu hawakosi msaada, kwa maana viko visaidizi vya kusikia, na kuna faida pia katika kugeuza kiti ili sikio lililo zima zaidi lielekee spika. Aliporudi nyumbani mkewe alichukua chaki, akamwomba binti yao mkubwa aweke sauti inayomtosha yeye, kisha akatia alama nyeupe kando ya kitufe cha amplifaya. Sheria ikawa kwamba mkono wa baba hauvuki chaki. Jirani, ambaye ukuta wake uko hatua tatu kutoka dirishani, hakuulizwa maoni yake lakini aliacha kununa. Kwa wanaoishi bado kambini, ambako wapo waliotoka zamu ya usiku na kulala mchana, chaki hiyo iwekwe chini zaidi, na spika ziinuliwe juu ya sponji au vipande vya mpira ili besi isipite sakafuni.

Zimebaki sahani zenyewe. Santuri nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 ni zile ndogo za mizunguko 45, na wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, na magitaa ya kuchezea upande wa pili. Ndiyo maana upande wa pili huwa umelika zaidi. Mnunuzi autazame huo kwanza chini ya mwanga wa jua. Rumba ya Kongo, ambayo iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2021, inapatikana kwa wingi katika kanda na sahani za zamani, hasa za OK Jazz ya Franco, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956. Wapenzi wa Afrigo Band ya Kampala, iliyoanza mwaka 1975, watafute kanda pia.

Sahani ya plastiki huoshwa kwa maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mzunguko, bila kulowesha karatasi ya katikati. Husimamishwa wima, mbali na jua na jiko la makaa, maana hupinda. Zile nzito za zamani za mizunguko 78, ambazo pengine ni za babu, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki: zikianguka huvunjika kama sahani ya chakula, na zikifutwa kwa spiriti huyeyuka. Mfereji wake ni mpana, na sindano ya kawaida huzama ndani yake ikakwaruza. Zinahitaji sindano yake yenyewe, pana kama mara tatu. Sindano ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000, basi mwenye hesabu aandike tarehe aliyoifunga. Uzito wake juu ya sahani ufuate maagizo ya kiwanda, aghalabu gramu moja na nusu hadi tatu. Kubandika sarafu juu ya kichwa cha santuri ili sindano isiruke ni kuichonga sahani.

Nyumbani kwa sajenti, kazi ya kugeuza sahani amepewa mtoto wa tatu, baada ya kunawa mikono. Jumatano na Jumapili sebule ni ya baba kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Siku nyingine ni ya wenyewe, na vyombo hufunikwa kwa kitambaa alichokifuma mama. Mara moja sajenti ameomba chaki isogezwe mbele kidogo kwa ajili ya sikukuu. Ombi lake bado linafikiriwa.